Miraa, Muguka na Kathinoni: Kichangamshi ni Kitu Gani Hasa?

Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kuzuia muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, usiingizwe, usiuzwe wala kutumiwa katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Siku chache baadaye Rais William Ruto akasema amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa, na mahakama kule Embu ikasimamisha utekelezaji wake. Wakati huo wote wananchi waliachiwa maneno matatu yakipigana vikumbo. Mzazi wa Kisauni akisema hiyo ni dawa ya kulevya, mkulima wa Mbeere kule Embu akijibu kuwa ni zao la biashara kama majani chai. Na daktari yeyote aliyeulizwa maoni alikuwa na neno lake la tatu: kichangamshi.

Maneno hayo hayapingani, kwa sababu kila moja linajibu swali lake. "Dawa ya kulevya" ni jina linalotolewa na sheria, "zao la biashara" linatolewa na wizara ya kilimo, na "kichangamshi" ni neno la tiba. Kitu kimoja kinaweza kubeba majina yote matatu, mawili, au moja tu. Ubishi wetu unakosa mwisho kwa sababu mtu anauliza swali la tiba, anajibiwa kwa sheria, kisha wa tatu anaingia na bei ya kilo. Hapa tushike lile la tiba kwanza. Mengine yataeleweka kwa urahisi zaidi likishakaa sawa.

Kichangamshi ni kitu chochote ambacho kikiingia mwilini huongeza kasi ya kazi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Usingizi unaruka, moyo unapiga mbio, presha inapanda, njaa inakatika, maneno yanamiminika. Ufafanuzi unaishia hapo. Hausemi kama kitu hicho ni halali au ni marufuku, kimetoka shambani au maabara, kinaua au hakiui. Ndiyo maana kahawa tungu inayomiminwa kutoka kwenye dele pale barazani ni kichangamshi, na kokeini nayo ni kichangamshi. Chai imo. Nikotini ya sigara imo. Miraa imo.

Kundi la pili ni la vipumbaza, yaani vitu vinavyopunguza kasi hiyo: pombe, heroini, dawa nyingi za usingizi. La tatu ni la vileta njozi, vinavyomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo. Bangi huwapa wataalamu shida, kwa kuwa ina mguu mmoja huku na mwingine kule.

Pombe kuwa kipumbaza huwashangaza wengi. Mbona mlevi ndiye anayecheza kuliko wote kwenye harusi? Ni kwamba pombe huanza kwa kupumbaza ile sehemu ya ubongo inayotuzuia kusema na kutenda ovyo. Kinachoonekana ni uchangamfu, lakini kilichotokea ni breki kulegea. Mwongezee glasi tatu uone kama atabaki amechangamka.

Na kwa kuwa tumefika kwenye majina, magazeti yetu ya michezo yana mazoea ya kuita kila dawa inayokatazwa riadhani "dawa ya kusisimua misuli". EPO, ambayo imewaponza wanariadha kadhaa wa Kenya, haisisimui misuli hata kidogo. Inaufanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, basi damu inabeba oksijeni zaidi. Hiyo si kichangamshi kwa maana yoyote ya kitabibu. Lakini jina limeshakaa, na sidhani litang'oka leo.

Neno lilikotoka

Neno ambalo madaktari wa Ulaya wanalitumia kwa vichangamshi, kwa Kiingereza stimulant, lilitokana na Kilatini, stimulus, ambalo kwa Warumi lilikuwa jina la fimbo yenye ncha ya kumchomea ng'ombe wa jembe. Ng'ombe akichoka, mkulima humdunga ubavuni, naye huvuta. Picha hiyo ni sahihi kuliko maelezo mengi niliyowahi kusoma kuhusu miraa. Fimbo haijamlisha ng'ombe wala haikumpumzisha, na nguvu anayovutia jembe ni ileile aliyokuwa nayo tumboni. Kilichobadilika ni kwamba sasa analazimika kuitoa. Vilevile kichangamshi hakina chakula ndani yake. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Malaba huku shavu limejaa hajaongezewa nguvu. Amenyimwa habari za uchovu wake.

Katika tiba, neno hilo lilipata umaarufu mkubwa kupitia daktari wa Scotland aliyeitwa John Brown. Mwaka 1780 alitoa mafundisho kwamba uhai wenyewe ni hali ya kusisimuliwa, na kwamba magonjwa yote hutokana na msisimko kuzidi au kupungua. Kwa maoni yake magonjwa mengi yalikuwa ya upungufu, kwa hiyo tiba yake ilikuwa kuchangamsha. Na alichangamsha kwa nini? Kwa afyuni na pombe. Vitu viwili ambavyo leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari angeviweka kwenye kundi la vipumbaza bila kufikiri, Brown aliviona ni vichangamshi bora kuliko vyote. Mwenyewe alivitumia sana, na alifariki mwaka 1788. Mafundisho yake yaliendelea kufuatwa Ujerumani na Italia miaka mingi baada yake, na ilikuwa mpaka mwishoni mwa karne ya 19 ndipo wataalamu waliokuwa wakipima mambo maabara walipoanza kuiondoa pombe kwenye orodha.

Kwa hiyo mzee anayesema "kidogo cha pombe kinachangamsha damu" hajazua. Anasema kilichokuwa elimu ya hospitali miaka mia mbili iliyopita.

Wakati huohuo wakemia walikuwa wakivunjavunja mimea kutafuta kile kitu hasa kinachofanya kazi ndani yake. Walichokipata walikipa jina lenye mwisho wa "-ini", na ukiujua utaratibu huo majina mengi ya kutisha yanafunguka. Kafeini ni ile ya kahawa. Kokeini ni ya mmea wa koka wa Amerika ya Kusini. Nikotini imepewa jina la Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon aliyepeleka tumbaku kwao karne ya 16. Mwaka 1885 Mjapani Nagai Nagayoshi alitoa efedrini kwenye mmea ambao Wachina walikuwa wakiutumia kama dawa tangu zama. Miaka miwili baadaye, mjini Berlin, Mromania Lazăr Edeleanu alitengeneza maabara kitu kinachofanana sana na efedrini, akakiandika kwenye kazi yake ya shahada, na dunia ikakisahau. Kilifufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Gordon Alles kule California, aliyekuwa akitafuta dawa ya pumu ya bei nafuu. Jina lake la kikemia lilikuwa refu mno, likakatwakatwa vipande, na vipande vikaunganishwa kuwa amfetamini.

Miaka ya 1930 amfetamini iliuzwa Marekani kama dawa ya kuvuta puani kwa wenye mafua. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, majeshi ya pande zote yaliwapa askari na marubani wao vidonge vya jamii hiyo ili wasilale. Na mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika hospitali ya watoto kule Rhode Island, aligundua jambo ambalo mpaka leo watu hawaliamini wakisikia: baadhi ya watoto wasiotulia walipopewa amfetamini walitulia na kusoma. Dawa za jamii hiyo bado huandikwa na madaktari kwa watoto na watu wazima wenye tatizo la kushindwa kutuliza fikra, na kwa wale wanaopitiwa na usingizi ghafla mchana. Kichangamshi, basi, chaweza kuwa dawa halisi, chenye cheti cha daktari na kipimo chake.

Kutoka qat hadi kathinoni

Sasa turudi kwenye jani letu. Waarabu wa Yemen wanaliita qat. Wahabeshi wanasema chat, Wasomali qaad au jaad, Waganda mairungi, Watanzania mirungi, na Wakenya wana majina mengi kuliko wote: miraa, veve, gomba, jaba. Mti ni mmoja.

Mwaka 1763 Peter Forsskål, mwanafunzi wa yule Linnaeus aliyeipa mimea ya dunia majina ya Kilatini, alikuwa Yemen na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Aliuandika mti huo kwenye daftari lake, na kabla mwaka haujaisha akafa hukohuko kwa ugonjwa. Mwenzake Carsten Niebuhr, ambaye peke yake katika kundi lile ndiye aliyerudi Denmark akiwa hai, alichapisha maandishi hayo mwaka 1775. Forsskål hakujisumbua kubuni jina. Alichukua qat ya wenyeji, akaipa umbo la Kilatini: Catha, na kuongeza edulis, yaani unaolika. Wakemia wa Ulaya walipotoa kitu kwenye majani yake wakakiita kathini, kwa ule utaratibu wetu wa "-ini", na kufikia mwaka 1930 kilikuwa kimetambuliwa barabara.

Lakini kulikuwa na kasoro. Kathini ni dhaifu. Wataalamu walipoijaribu hawakuona ni vipi kitu kidogo kama hicho kinaweza kuwakesha wanaume wa Sana'a kule Yemen na Harar kule Uhabeshi usiku kucha. Kitendawili kilikaa miaka zaidi ya arubaini, na jibu lake lingeweza kutolewa na muuzaji yeyote wa Maua kule Meru. Majani yaliyofika Ulaya yalikuwa makavu, yamesafiri majuma kadhaa melini. Nani anakula miraa iliyolala juma zima?

Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikichunguza dawa za kulevya ilipima majani mabichi na kukuta kitu kingine, chenye nguvu zaidi. Kikaitwa kathinoni. Mwisho wa "-oni" wakemia huutumia kwa jamii fulani ya kemikali zenye oksijeni iliyoshikana na kaboni kwa namna maalumu. Ukiichora kathinoni kando ya amfetamini utaona ni mapacha, tofauti yao ni hiyo oksijeni moja tu iliyokaa mahali palipokuwa na hidrojeni mbili. Nayo haidumu. Jani likishachumwa, kathinoni huanza kugeuka kuwa kathini, na baada ya siku mbili au tatu iliyobaki ni kidogo.

Hapo ndipo biashara nzima ya miraa inapoeleweka. Ndiyo sababu surba, yaani vifungu vya miraa, hufungwa ndani ya majani ya mgomba ili zisikauke. Ndiyo sababu magari yanayoshuka kutoka milima ya Nyambene kule Meru hukimbizwa kiasi cha kuwatia watu hofu barabarani, na ndiyo sababu kila siku kulikuwa na ndege za kupeleka mzigo Mogadishu, hadi Somalia ilipozuia mwaka 2020, ikafungua tena 2022. Wakulima hawakuwa na neno kathinoni, lakini desturi zao zote zilijengwa juu ya tabia yake.

Na muguka? Ni mti uleule, Catha edulis, wa aina inayostawi Embu, hasa Mbeere. Kwenye miraa ya Meru mlaji huchuna ganda laini la kijiti kichanga. Kwenye muguka hutafunwa majani machanga yenyewe, mara nyingi pamoja na karanga au bazoka ili kuua uchungu. Muguka ni rahisi zaidi kwa bei, na hilo ndilo lililoufikisha mikononi mwa vijana wadogo wa mitaa ya Pwani. Madai kwamba ni mmea tofauti kabisa na miraa si ya kweli, na anayetaka kuukataza mmoja na kuuachia mwingine atafute sababu nyingine, si ya botania.

Kinachotokea kichwani

Seli za neva hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana upenyo mwembamba, na ujumbe huvuka upenyo huo kwa njia ya kemikali. Mbili kati ya hizo ndizo zinazotuhusu: dopamini, inayohusika na raha na hamu ya kufanya jambo, na noradrenalini, inayouweka mwili macho. Ujumbe ukishafika, kwenye ukuta wa seli iliyoutuma kuna pampu ndogo ndogo zinazozinyonya kemikali hizo na kuzirudisha ndani, ili kazi isiendelee milele.

Kokeini huziba pampu hizo, kemikali zikabaki nje zikiendelea kufanya kazi. Kathinoni na amfetamini zina mbinu nyingine: huingia kupitia pampu zilezile, kisha huzigeuza zisukume kwenda nje badala ya kuvuta ndani. Matokeo ni mafuriko ya dopamini na noradrenalini ambayo mwili haukuyaagiza. Hiyo ndiyo hali ambayo walaji wanaiita handas. Mtu anaona mawazo yake ni mazuri, anapanga biashara tatu kwa saa moja, rafiki aliyeketi naye amekuwa ndugu.

Kafeini haigusi pampu hizo kabisa. Kutwa nzima ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyojaa ndivyo usingizi unavyokujia. Kafeini hukaa mahali adenosini ilipotakiwa kukaa, basi ubongo unakosa taarifa kwamba umechoka. Kwa hiyo "miraa ni kama kahawa tu" ni kweli kwa jina la kundi na si kweli kwa utendaji. "Miraa ni kama kokeini" nayo ni hivyohivyo. Wanaosema ya kwanza na wanaosema ya pili wote wanaruka jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kipimo na kasi.

Anayetafuna hutoa kathinoni kidogo kidogo, kwa meno na mate, kwa saa nyingi. Kiwango chake kwenye damu hufika kileleni yapata saa mbili baada ya kuanza. Shavu na tumbo vina ukomo wake, na mtu hawezi kumeza magunia. Mvutaji wa methamfetamini, ambayo ni ndugu wa karibu, huipata ubongoni kwa sekunde. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa nani atanaswa na uraibu mkali na nani hatanaswa. Ushahidi upo wazi: kemikali za jamii ya kathinoni zilipoanza kutengenezwa viwandani kama unga, kwa mfano ile iitwayo mefedroni ambayo Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2010, madhara yalikuwa ya ngazi nyingine kabisa. Na bado, kutoka ukoo huohuo wa kathinoni imetoka bupropioni, dawa halali ya sonona ambayo pia huwasaidia watu kuacha sigara. Jamaa wa ukoo mmoja hawafanani tabia.

Yanayosemwa vijiweni

"Ni ya asili, kwa hiyo haina neno." Tumbaku nayo ni ya asili. Mti haujui kama unatusaidia au unatuumiza. Kathinoni kwa mti ni kemikali tu iliyomo ndani ya majani yake.

"Inaongeza akili." Wanafunzi wengi huamini hili wakati wa mitihani. Kichangamshi humfanya mtu akae macho na ajisikie mwerevu, na kujisikia ni jambo moja, kukumbuka kesho asubuhi ni jingine. Ubongo huweka kumbukumbu zake vizuri wakati wa usingizi, na usingizi ndio ulioibwa.

"Haina uraibu, naacha nikitaka." Hapa ukweli umegawanyika. Miraa haileti mateso ya mwili kama ya anayeachishwa heroini. Anayeacha ghafla baada ya kutumia sana huona uchovu mzito, huzuni, kutetemeka kidogo na ndoto mbaya kwa siku chache. Lakini utegemezi wa akili upo, na ndio unaokula mshahara kabla haujafika nyumbani. Wake wa walaji wanaulalamikia kwa lugha iliyo wazi kuliko ya ripoti yoyote, kwa sababu wanaona pesa na wanaona saa.

Madhara ya mwili yanajulikana: presha, moyo kwenda mbio, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi. Utafiti uliofanywa Yemen kwa wagonjwa wa moyo ulionyesha kuwa walaji wa kupindukia walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaotumia kwa wingi au walio na mwelekeo wa maradhi ya akili, huweza kuamsha wazimu wa kuona na kusikia visivyokuwepo na kushuku kila mtu. Si kila mlaji, na wala si wengi wao. Ila anayesema haijawahi kutokea hajatembelea wodi.

Hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha ni ile ya kujishusha. Usiku umeingia, handas haijaondoka, kesho kuna kazi. Mtu anakunywa pombe au anameza kidonge cha usingizi. Sasa kichangamshi na kipumbaza vimo ndani kwa pamoja, na moyo unapokea amri mbili. Tena kichangamshi humficha mnywaji kiasi alichokunywa, hivyo anaongeza.

Kwa nini sheria hazikubaliani

Ubishi huu si mpya hata kidogo. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka kwa madai kwamba inalevya. Katika karne hiyohiyo wanavyuoni wa Yemen walitofautiana kuhusu qat, wakampelekea swali Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyekuwa akiishi Makka. Waliomwandikia walitoa habari zinazopingana: wengine wanasema inalevya, wengine wanasema inasaidia kukesha kwa ibada. Hakuweza kutoa hukumu ya kuharamisha moja kwa moja, akashauri watu waiepuke kwa sababu ya shaka. Kwa kweli swali lake lilikuwa hilihili letu: je, kitu kinachokuchangamsha kimekulevya?

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu vitu vinavyoathiri akili unaidhibiti kathinoni katika jedwali kali kuliko yote, na kathini katika jedwali jepesi zaidi. Mti wenyewe haumo. Hapo kila nchi imejiamulia. Marekani imefika mahali pa ajabu: jani bichi, kwa kuwa lina kathinoni, liko kwenye daraja kali, na jani lililokauka likabaki na kathini tu liko kwenye daraja la chini. Yaani kosa linapungua kadiri ushahidi unavyonyauka.

Kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani iliipitia miraa mwaka 2006, ikaona haifai kuwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Uingereza, baraza la wataalamu linaloishauri serikali lilisema Januari 2013 kwamba madhara yake hayatoshi kuhalalisha marufuku. Serikali ikapiga marufuku hata hivyo, kuanzia Juni 2014, na ndege zilizokuwa zikipeleka mzigo London zikasimama. Kenya ilikwenda upande wa pili, ikaitambua miraa kisheria kama zao la biashara mwaka 2016. Tanzania inaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya katika sheria yake ya mwaka 2015, na mashamba yake kwenye milima ya Same yamekuwa yakifyekwa na kuteketezwa na mamlaka. Uganda nayo imeiingiza mairungi kwenye sheria ya dawa za kulevya.

Kemia ya jani haibadiliki pale Lunga Lunga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kinachobadilika ni uamuzi wa jamii kuhusu nani alindwe, nani apate riziki, na nani alipe gharama. Huo ni uamuzi halali kwa nchi kuufanya, ila ningependa wanaoufanya waseme hivyo waziwazi, badala ya kumsingizia daktari kwamba neno lake "kichangamshi" limeshaamua. Halikuamua. Na msafiri asibebe ubishi huu begini: surba iliyonunuliwa kwa risiti Mombasa ni kesi ya jinai Tanga, na Saudi Arabia au Falme za Kiarabu ni kesi nzito zaidi.

Lipo moja la mwisho ambalo wahudumu wa afya wangeshukuru kulisikia kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Watu humwambia daktari kuhusu sigara na pombe, miraa wanaisahau au wanaificha. Mwenye presha anayetafuna kila jioni anaweza kuongezewa dawa bure, wakati chanzo kiko shavuni. Na kuna jambo dogo lililopimwa Yemen: kutafuna hupunguza kiasi cha dawa ya ampisilini kinachoingia mwilini kutoka tumboni, na amoksilini pia, ingawa kidogo. Ukiandikiwa mojawapo ya dawa hizo na huna nia ya kuacha gomba wiki hiyo, usimeze kidonge wakati unatafuna. Subiri saa mbili zipite baada ya kumaliza.